Sigara ya Minti Ndani ya Kofia

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa Kilwa Masoko nzima wanaisimulia na kila mtu anatia chumvi yake, bora niisimulie mwenyewe, mimi fundi Issa wa cherehani, mtu niliyesimama mbele ya watu kuilaani sigara huku sigara yenyewe nimeivaa kichwani.

Nilikuwa nimeposa. Posa yangu ilikwenda kwa Mzee Mfaume, muuguzi mstaafu, nikimtaka binti yake Somoe, na jibu lilikuwa halijatoka (kwetu jibu la posa halitolewi haraka, wanakuchunguza kwanza mpaka unavyokula). Mzee alikuwa na sharti moja tu, akanitamkia usoni: "Mwanangu, mimi nimeuguza watu walioharibika mapafu. Mvuta sigara simpi binti yangu." Nikamjibu mimi na sigara wapi na wapi. Na wallahi sikujiona muongo, maana nilikuwa navuta zile za menthol, zile za minti zinazopoza koo, na kichwani nilishajiamulia kuwa zile si sigara hasa, ni dawa ya mafua yenye moshi.

Basi wakaja watu wa afya kukusanya maoni, sigara za menthol zipigwe marufuku au ziachwe, na mkutano ukaitishwa kwenye ofisi ya kata baada ya alasiri. Mji uligawanyika. Chande mwenye duka alisema mkizizuia zitaingia kwa magendo, na kwa nini izuiwe ya minti wakati ile kali inaachwa? Mzee Mfaume yeye alisema ule ubaridi ndio mtego wenyewe, unaficha ukali wa moshi, kijana anazoea bila hata kukohoa. Akaniomba nizungumze upande wake, nami nikajua hapo ndipo napimwa.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nikiwa njiani, nyuma ya soko la samaki, nikasema nivute moja ya kutuliza moyo, nikaitoa, kabla sijaiwasha nikasikia watu wanakuja, nikaichomeka kwenye upindo wa ndani wa kofia yangu (kofia niliishona mwenyewe, na upindo niliuacha wazi makusudi kwa kazi hiyohiyo, ufundi gani huo!). Ningeitupa tu chini, yangeisha. Lakini sigara nzima, haijaguswa na moto, roho ikaniuma.

Mkutanoni nilizungumza vizuri, tena vizuri kupita kiasi, nikapandwa na mori, nikasema tusiishie kupiga makofi, tuchange hapahapa nauli ya wajumbe waende Lindi kuyasema maoni yetu. Watu wakaitikia. Sasa nyie mnajua kwetu mchango wa papo kwa papo unapita kwenye nini. Kabla sijafumba mdomo Mzee Mfaume keshanivua kofia, ana furaha kama kaoa yeye, akaikabidhi safu ya mbele.

Nikabaki kichwa wazi, kipaza sauti mkononi, macho yanaifuata kofia. Ikapita kwa wavuvi, ikavuka kwa akina mama, kila anayetia sarafu anaitikisa kidogo zikae sawa. Nikamwomba Mungu upindo ushike. Haukushika. Kofia iliporudi, Mzee akaimimina juu ya meza, na juu ya zile noti na sarafu ikalala sigara moja, nyeupe, ina ukanda wa kijani.

Halafu Mzee akachukua kipaza sauti, sauti inamtetemeka: "Mashallah! Kuna mtu ameguswa na maneno ya fundi, ametoa sigara yake, ameacha! Nani huyo asimame tumpongeze?" Hakuna aliyesimama. Nilipumua, nikaona nimepona, na hapo ndipo Mzee alipogeuka akanipa mimi: "Basi wewe uliyemgeuza, ivunje mbele ya watu wote."

Nikaipokea. Naapa nilitaka kuivunja. Lakini sigara hizo zina kidonge cha minti ndani ya kichungi, na mvutaji hukipasua kwanza kwa vidole, na vidole vyangu havikuniuliza, vikaizungusha, vikabonyeza, *tak!* karibu kabisa na kipaza sauti, na kabla sijajitambua iko mdomoni, mkono mwingine unatafuta kiberiti kwenye mfuko wa kanzu.

Chande ndiye aliyeanza kucheka. "Jamani, hata wateja wangu hawaibonyezi hivyo!" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee Mfaume hakucheka. "Ni yako, Issa?"

"Ni yangu, mzee. Nisamehe."

Akaniangalia, kisha akawageukia watu, taratibu kabisa. "Mmeona? Huyu hata hajijui. Ndiyo maana nasema hizi zipigwe marufuku." Mmoja wa wale watu wa afya akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Hotuba yangu ndefu yote ile, kumbe hoja ilikuwa vidole vyangu. Kisha Mzee akanivika kofia yeye mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya chini: "Posa sijaikataa, sijaikubali pia. Kila Ijumaa nitaikagua hii."

Na alikagua, jamani, mlangoni mwa msikiti, watu wanapita, anatia kidole kwenye upindo kama daktari. Mimi nimetulia naangalia chini. Yalikuwa mateso, kifua kinaidai sigara, usiku silali, lakini kila Ijumaa nilijua kidole kinakuja. Mwishowe nikakaa kwenye cherehani nikaushona ule upindo, mshono juu ya mshono. Ijumaa iliyofuata Mzee akatafuta pa kupitisha kidole akapakosa, akaipapasa kofia yote, akanirudishia.

"Waambie wazee wako waje," akasema.

Sigara sitaigusa tena, ya minti wala isiyo ya minti, na kofia yangu haitachangiwa tena. Nilimpigia Somoe simu kumpa habari, nikidhani atalia kwa furaha.

"Baba amemaliza kukagua kofia," akanijibu. "Mimi nitakagua vidole."