Nilienda kuomba kazi ya ulinzi hospitalini Goma, nikakabidhiwa mgonjwa nisiyemjua

Kila asubuhi ninamwosha mzee mmoja ambaye si ndugu yangu, si wa kijiji chetu, wala si wa kanisa langu. Ananiruhusu kwa sharti moja tu: nisimwite papa, yaani baba.

Salamu wakuu, kutoka Goma. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo naleta langu. Sijatia chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, na mzee nitamwita Muzee Gasana. Mahali nitakaponukuu watu nitawaacha waseme kama tunavyosema huku.

Turudi nyuma.

Nilikuwa natangaza habari kwenye redio ndogo ya mtaa. Redio ikanyamaza. Hali ya mji mnaisikia, sitaingia huko. Nikabaki nyumbani Katoyi na mke na watoto, simu mkononi, nikiwasubiri watu walioniahidi kazi. Kusubiri kulinifanya mtu wa kununa. Mtoto akidondosha kikombe, nafoka. Jumapili kanisani nilikuwa na ombi lile lile, na hasira ile ile kwamba halijibiwi.

Siku moja jirani akaniambia kuna hospitali inatafuta walinzi wa lango. Nikavaa shati la kanisani, nikaenda.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio wa huku. Katika hospitali zetu muuguzi anachoma sindano, anatoa dawa, anafunga vidonda. Kupika, kufua na kumwosha mgonjwa ni kazi ya ndugu. Huyo ndugu tunamwita gardi-malade, na kwa haraka watu wanasema gardi tu.

Na mlinzi wa lango naye tunamwita nani? Gardi.

Mnaona ilipoelekea.

Nimesimama langoni namsubiri mkubwa wa walinzi, akatoka mama muuguzi, beseni mkononi.

"Gardi ya sept iko wapi? Ni weye gardi?"

Nikadhani "sept", saba ya Kifaransa, ni lango namba saba. Nikajinyoosha. "Ndiyo mama, ni miye."

"Basi kamata!" Akanisukumia beseni na kipande cha sabuni. "Muzee yako hayaoga toka afike, na weye unasimama hapa ku mlango kama ministre!"

Wakuu, nilidhani ni mtihani wa kazi. Nikasema moyoni, wanataka kuona kama nina unyenyekevu. Nikamfuata.

Sept ilikuwa kitanda. Juu yake amelala mzee mrefu, mkavu, mguu wa kulia uliovunjika umepitishwa vyuma vinne vinavyoingia hadi kwenye mfupa. Mchungaji wa ng'ombe kutoka milima ya Masisi. Majirani walimbeba hadi hospitalini kisha wakarudi kuwatafuta watu wao. Wanawe walitawanyika njiani wakikimbia mapigano, hakuna aliyejua walipo.

Nikamweleza muuguzi kwamba kuna kosa, mimi ni gardi wa lango. Akaniangalia, akamwangalia mzee. "Kwa lango walishapata mutu jana," akasema, akaenda zake.

Ningeweza kuliweka beseni chini na kuondoka. Sijui kwa nini sikuondoka. Labda ni ile tabia ya kazi yangu ya zamani, kutaka kujua habari inaishia wapi.

Nikamsogelea. "Papa, jambo. Nimekuja kukuosha."

Akageuza uso ukutani.

Ikawa hivyo siku zilizofuata. Nafika asubuhi, napika, nachemsha maji. "Papa, umeamka?" Kimya. "Papa, nikushike hapa?" Anaukamata mkono wangu kwa vidole vyake, kwa nguvu ambayo sikuitarajia, na kuusukuma. Bugali anakula kidogo. Kuoshwa, hapana. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji za chini kwa shida, mzee ameng'ang'ania blanketi kiunoni.

Bugali lenyewe, nakiri, lilikuwa bovu. Wapishi wote nyuma ya wodi, kwenye mbabula za makaa, walikuwa wanawake. Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa anamuuguza dada yake kwenye wodi yetu iliyochanganya wanaume na wanawake, alichungulia sufuria yangu mbele ya wote.

"Papa ya batoto, ile bugali ni ya kula ao ni ya kujengea nyumba?"

Wakacheka hadi wengine wakaweka miko chini. Lakini yeye ndiye aliyeanza kunipa sombe, yaani kisamvu, na ndiye aliyenipa ushauri mbaya kuliko wote: "Umuambie weye ni mutoto wake sasa. Atasikia upendo, atakubali."

Nikafanya hivyo. Nikamwambia, "Papa, unihesabu kama mtoto wako." Mzee akafumba macho kabisa.

Halafu daktari akapita. Aliinusa ile bandeji kabla ya kuifungua. Akanivuta pembeni. "Ngozi kwenye vyuma imeanza kuharibika. Inatakiwa kuoshwa kila siku, mguu muzima hadi juu. Uchafu ukifika ku mfupa, tutakata."

Nilirudi kitandani nikiwa na hofu, na kwa kweli nikiwa na hasira. Mchungaji bila mguu, kwenye milima ile? Nikasema, sauti juu, "Papa, juu ya nini unakataa? Papa, watakata mguu!"

Ndipo akasema, kwa mara ya kwanza tangu tukutane.

"Papa, papa, papa! Unaniita papa, kisha unataka kunivula suruali? Mutoto gani anaangaliaka uchi ya baba yake?"



Wakuu, huku Goma kila mwanaume mzima ni papa. Muuza muda wa simu ni papa, dereva wa pikipiki ni papa. Ni heshima tu, hatuifikirii. Mzee huyu alikuwa anaifikiria. Kila nilipolitamka nilikuwa najifanya mwanawe, na kwao mwana akimwona baba yake uchi, baba ameaibishwa na mwana ameharibikiwa. Nilikuwa nimemfungia mlango kwa neno langu la heshima.

Nikavuta kigoda. "Muzee, unisamehe. Miye si mutoto wako."

"Basi weye ni nani?"

"Nilikuja kutafuta kazi ya kulinda lango. Banikosea, banipa beseni."

Akageuka, akanitazama toka shati hadi viatu. "Balikukosea?"

"Njo vile, muzee."

"Na lango?"

"Walishapata mwingine."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi vyuma vikatikisika, akajishika paja kwa maumivu na bado anacheka. Mama Kavira naye akadakia kutoka kitanda cha dada yake, "Muzee, huyu hata bugali anaikosea!"

"Basi osha, sentinele," mzee akasema, akaachia blanketi.

Tangu siku ile mimi ni sentinele, yaani mlinzi.

Mke wangu aliposikia alisema, "Mgeni unamwosha mwili mzima, huku kwangu hata sahani huoshi." Ilibidi nianze na sahani pia.

Sasa nije kwenye kile nilichokuja kukisema.

Muzee anasali kila asubuhi nikiwa namwosha, kwa Kinyarwanda, ambacho nakielewa kwa sababu mama yangu ni wa Rutshuru. Anapita kitanda kwa kitanda, anataja maumivu ya kila mmoja, kisha wanawe kwa majina. Yeye mwenyewe hajiombei kitu. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliyaonea haya maombi yangu. Siku hizi nikifika kanisani nakaa kimya zaidi kuliko ninavyoomba, na natoka mwepesi. Nyumbani sifoki. Sikujilazimisha, niligundua tu siku moja kwamba kikombe kimevunjika na nimeokota vipande bila kusema neno.

Niliyojifunza ni haya. Nilipoanza, nilipenda kusikika nikisema papa. Wauguzi walinisifu, mtoto mwema wa watu. Lile neno lilikuwa linanipamba mimi. Kumtumikia mtu kulianza siku nilipokubali kuwa nani-sijui mwenye beseni. Sasa nikitaka kumsaidia mtu, kwanza namuuliza anataka kusaidiwa vipi, na na nani.

Kazi nilipata, wakuu. Nalinda nyumba Keshero. Niliomba zamu ya usiku ili asubuhi nipitie hospitali kabla ya kulala. Dada yake Mama Kavira alipona na kutoka, lakini mama mwenyewe bado anapitisha sombe, na bado analitukana bugali langu.

Karibuni mchangie, hasa waliowahi kumuuguza mtu asiye wao. Mlimwitaje? Mlikubaliwa vipi? Na kama kuna mhudumu wa afya humu, hili la mwisho namwachia yeye, anieleze kama mguu bado una tumaini.

Ngozi kwenye vyuma vitatu imekauka vizuri. Cha nne, karibu na kifundo, bado kinatoa maji. Daktari anasema hawezi kuamua kama mguu utabaki mpaka aone picha ya mfupa. Mashine ya picha imeharibika, na fundi wake hajafika.