Nilimsingizia Barasa Wizi Ili Nisiseme Nimeshindwa

Nilikosa mimi. Naanza hivyo kwa sababu nimechoka kuanzia kwingine. Kwa miaka mingi, kila nilipojieleza moyoni nilianza na lile gari, au na wale waliokuwa wakinicheka. Leo sitaki. Nilikosa mimi, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Jina langu mniwie radhi, sitalitaja. Watoto wangu bado wanasoma hapa hapa Jericho, Nairobi. Mjue tu kwamba mimi ni fundi wa umeme wa magari, na wakati huo watu waliniita Daktari. Gari likikataa kuwaka, taa zikianza kuchezacheza, utasikia, "Mpelekee Daktari, nyuma ya soko." Nililipenda hilo jina, jamani! Nililipenda kupita kiasi.

Pale nyuma ya soko nilifanya kazi na Barasa. Yeye alikuwa fundi wa injini na giaboksi, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Kwa miaka tisa tulitumia uwanja mmoja na birika moja la chai. Mkewe, Nafula, aliuza sukuma wiki sokoni, na mchana alituletea chakula. Sahani mbili, ya mumewe na yangu. Hakuwahi kuleta moja, hata siku ile mimi na Barasa tulipokuwa tumenuniana kwa sababu ya spana iliyopotea.

Basi, Mzee Salim akaleta gari. Mzee Salim alikuwa na duka la nafaka na viungo, mtu wa asili ya Lamu aliyezeeka hapa Nairobi. Mwanawe aliyekuwa ng'ambo alimletea gari la aina ambayo sisi tulikuwa tukiisikia tu. Halikuwa na kabureta! Petroli ilipimwa na kisanduku cha umeme kilichofungwa chini ya dashibodi. Kisanduku hicho ndicho kilichoamua injini ipate petroli kiasi gani na wakati gani. Wenye magari kama hayo waliyapeleka kwenye gereji kubwa za Industrial Area. Mzee Salim alituletea sisi kwa sababu alituamini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya klachi tu. Barasa akateremsha giaboksi. Mimi nikafungua waya zilizopita nyuma ya injini ili zisimzuie, na alipomaliza nikazirudisha. Nilizifunga haraka haraka, kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine akinisubiri.

Siku ya tatu baada ya mzee kulichukua, gari likarudi likivutwa kwa kamba.

"Daktari, linazima njiani," Mzee Salim aliniambia. "Linakwenda vizuri nusu saa, halafu linakufa ghafla. Nikikaa kidogo linawaka tena kama kwamba halikuwa na kitu."

"Niachie, mzee. Kesho utalichukua."

Kesho ikawa wiki. Nilipima betri. Nilipima koili na pampu ya petroli. Nilifuata waya za kile kisanduku moja moja na taa yangu ya kujaribia, nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi hadi shingo ikakakamaa. Sikuona kosa. Nikiliwasha, linaunguruma vizuri. Mzee akilichukua, anarudi kwa miguu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Gari lilikuwa likizima likipata moto. Mimi nilikuwa nikilipima asubuhi, likiwa baridi, limesimama uwanjani. Na nilipima kila waya isipokuwa zile nilizofunga mwenyewe nyuma ya injini. Sikuona haja. Kazi yangu naijua, nilijiambia!

Wiki ya pili mafundi wenzangu wakaanza kupita kwa makusudi. "Vipi, Daktari? Mgonjwa bado hajatoka wodini?" Wanacheka, mimi nacheka nao, lakini ndani naungua.

Mwisho Mzee Salim akaja akakaa kwenye kiti changu cha mbao, akasema kwa upole, "Mwanangu, kama limekushinda niambie tu. Sitakasirika. Nitalipeleka Industrial Area, na mengine nitaendelea kukuletea wewe."

Alinifungulia mlango kabisa! Neno moja tu lingetosha. Lakini mafundi walikuwa pale wakisikiliza, na mimi nilikuwa Daktari. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Mzee, kisanduku hiki si kile kilichokuja na gari. Kimebadilishwa."

Wallahi, sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilikuwa nimeona karatasi yenye namba imebanduka na skrubu moja imekwaruzwa. Basi! Ushahidi wangu wote ulikuwa huo.

Barasa alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Akatoka polepole akipangusa mikono.

"Umesema kimebadilishwa?" aliniuliza. "Na nani?"

"Mimi sijui. Najua tu kwamba sikukitoa."

Mnaona nilivyofanya? Sikumtaja. Lakini wakati wa kazi ya klachi gari lilikaa kwetu siku mbili, na tulikuwa wawili. Ukimtoa mmoja, anabaki nani?

Mzee Salim alimtazama Barasa. "Nilikuletea gari langu kama ninavyomwachia mtoto wangu," alisema.

"Mzee, sijagusa kitu chako. Mwulize huyu, ananijua."

Wote wakanigeukia. Mimi nikainama kwenye betri iliyokuwa mbele yangu, nikajifanya nakaza terminali. Terminali ilikuwa imekaza tayari.

Barasa alipelekwa kituo cha polisi. Alilala ndani siku mbili. Wakaenda kupekua chumba chake, wakapindua kitanda na magunia ya Nafula, wasipate kitu, wakamwachilia. Lakini mwenye uwanja akamwambia achukue vyombo vyake. Nafula naye akawa akipita sokoni, wanawake wanavuta vikapu vyao karibu. Nafula! Aliyenilisha miaka tisa! Haukupita mwezi wakahama, wakapanga chumba Kayole.

Barasa aliondoka uwanjani akisukuma vyombo vyake kwenye mkokoteni. Alipofika nilipokuwa alisimama. Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Wewe unajua," alisema. Kisha akasukuma mkokoteni wake.

Kisanduku kipya kikaagizwa kutoka ng'ambo. Gari lilikaa limefunikwa turubai hadi kilipofika. Nikakifunga, gari likawaka, Mzee Salim akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku ya nne likazima Jogoo Road, ndani mkiwa na mkewe, Bi Amina, aliyekuwa akipelekwa na mzee kliniki ya presha.

Nilichukua vyombo nikakimbia hadi pale. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulipima likiwa moto na limezima. Nikaweka taa ya kujaribia, nikaona umeme unaingia kwenye kisanduku lakini haupati njia ya kurudi. Nikapeleka mkono nyuma ya injini, kwenye waya wa arthi, ule unaofungwa kwenye chuma ili umeme urudi. Nilipougusa tu, pampu ya petroli ikalia. Gari likawaka.

Nikaufungua. Chini yake kulikuwa na kutu na grisi. Siku ile niliuweka juu ya uchafu, sikupiga hata msasa! Injini ikiwa baridi, waya ulishika. Injini ikipata moto, chuma kilitanuka, waya ukaachia, kisanduku kikakosa umeme, petroli ikakatika. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote.

Nilisimama pale Jogoo Road na msasa mkononi, jasho likinitoka hadi kwenye viatu. Niliposafisha na kufunga, gari halikuzima tena. Baadaye nilikirudisha kile kisanduku cha kwanza ili nihakikishe, nikaendesha hadi Makadara na kurudi. Kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kile kile kilichokuja na gari.

Sasa ndipo lilipo kosa langu kubwa, kwa maana la kwanza mtu angeweza kusema nilikuwa nimechanganyikiwa. Pale barabarani Mzee Salim aliniuliza, "Kumbe ilikuwa nini?"

"Waya, mzee. Waya wa nyuma ya injini ulilegea."

"Nani aliulegeza?"

Nikasema, "Ni wakati ule giaboksi iliposhushwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Barasa huyo huyo," alisema kwa huzuni. Na mimi nikanyamaza. Mara ya pili! Mara hii nikijua ukweli wote, nikiwa nimeushika mkononi!

Niliendelea kuitwa Daktari. Lakini kutoka siku hiyo nilikuwa nikifunga waya, nafungua, nafunga tena. Mteja akiniuliza gari lake lina shida gani, nasitasita. Magari yenye visanduku yakaongezeka mjini na mimi nikayakataa yote, nikasema macho yananisumbua. Nikabaki kuchaji betri na kubadilisha balbu. Usiku nalala, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mara ngapi nilipanga kwenda Kayole! Nitakwenda Jumapili. Nitakwenda baada ya sikukuu. Miaka mitatu ikapita. Mzee Salim akaugua, akafariki. Nilikwenda mazishini, nikabeba jeneza pamoja na wengine, na neno langu nikarudi nalo nyumbani.

Kisha siku moja niliitwa Komarock, nyumba zilipokuwa zikijengwa, kuangalia lori la mchanga lililokataa kuwaka. Nikamwona mtu mrefu amebeba mawe begani pamoja na vibarua. Barasa. Fundi aliyeweza kusikiliza giaboksi ikipita akakuambia ni gia gani imelika, anabeba mawe.

Nilingoja wapumzike kula. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Barasa."

"Karibu," alisema, kama mtu anayemkaribisha mpita njia.

"Nimekuja kukuambia. Kile kisanduku hakikubadilishwa. Ulikuwa waya wangu. Ni mimi niliyeufunga vibaya."

Aliendelea kutafuna. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilisikia kisanduku kipya hakikusaidia, na gari limepona bila injini kuguswa. Nikajua ni waya, na waya ni kazi yako. Nikamwambia mama watoto, ngoja, atakuja. Alikuwa akiniuliza kila jioni kama umekuja. Baada ya mwaka akaacha kuuliza."

Vibarua wenzake walikuwa wakipiga soga pembeni.

"Na Mzee Salim umemwambia?" aliuliza.

"Mzee alifariki. Mwaka jana."

Barasa akaweka chini kipande cha ugali. Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika kwa mara ya kwanza.

"Basi alikufa akijua mimi ni mwizi," alisema.

Hakupaza sauti. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akarudi kwenye mawe yake. Nilimwita, hakugeuka.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Amina. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa mkekani, macho chini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Marehemu alimsamehe yule Barasa kitandani pale. Alituusia tusimwekee kinyongo. Kumbe alikuwa akimsamehe mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa akija kumjulia hali!"

"Nisamehe, mama."

"Usianze na mimi. Nipeleke kwake."

Nikampeleka Kayole, yeye na mwanawe mkubwa. Bi Amina aliingia chumbani mwa Barasa, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Tumekuja kukuomba radhi kwa niaba ya marehemu. Angekuwa hai angekuja mwenyewe." Mimi nilibaki nje, kwenye vijia vya matope. Nilimsikia Nafula akilia. Hakuna aliyeniita ndani, na sikustahili.

Nilirudi sokoni nikawaambia mafundi, nikamwambia mwenye uwanja. Wengine walishangaa. Wengine walisema, "Barasa yupi huyo?" Hilo lilinichoma kuliko matusi. Nililichafua jina la mtu mbele ya umati, na nilipotaka kulisafisha, umati ulikuwa umetawanyika. Wateja wangu wamepungua, na siwalaumu.

Barasa hakurudi Jericho. Mwana wa Mzee Salim alimtafutia kazi ya ufundi kwenye malori, nami nilifurahi niliposikia. Tukikutana ananisalimu. "Salama?" "Salama." Basi, kila mtu na njia yake. Chai hatunywi tena pamoja.

Ndugu msomaji, sikuandika ili unihurumie. Kama una kazi ya mikono, likikushinda jambo, sema limenishinda. Utachekwa siku mbili, watu watasahau. Na kama tayari umemsingizia mtu, usikae kutafuta siku nzuri wala maneno mazuri, hayapo. Kwanza mwendee aliyeuamini uongo wako, ungali unaweza kumpata. Mimi wangu nilimbeba begani hadi makaburini, na bado sikumwambia.