Baiskeli ya Kumi na Nne

Fundi wa baiskeli walimwita Legeza, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kwanza kila mara mtu alipopanda baiskeli mbele yake. Legeza mabega. Legeza viwiko. Funga macho, nyoosha mikono kama unayepokea mtoto mchanga. Mtu akishatii, fundi hutazama vidole vimeelekea wapi, kisha huuzungusha mkono wa breki hadi ukutane navyo. Huusogeza ndani kidogo, ili kidole kimoja kitoshe kuvuta na vingine vibaki vimeshika usukani. Gia huiweka pale kidole gumba kinapoifikia bila kiganja kunyanyuka. Skrubu hakazi hadi mwisho; baiskeli ikianguka, heri breki izunguke kuliko ivunjike.

"Breki ndiyo imfuate mtu," alikuwa akisema, "si mtu aifuate breki."

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stoo ya ofisi ya afya, na baiskeli alizozitunza ni kumi na nne, za milimani, za wahudumu wanaopeleka chanjo huko gari lisikofika. Kwa miaka tisa alikuwa kibarua wa miezi sita sita. Mkataba ukiisha anaongezewa mwingine, kama mgonjwa anayebadilishiwa dripu. Safari hii aliahidiwa barua ya ajira ya kudumu, ukaguzi mkuu ukipita salama.

Shida ilikuwa Mratibu wa ofisi hiyo. Alirudi kutoka semina ya siku tatu, akaona picha ya baiskeli zimepangwa mstari, breki nyingine juu, nyingine chini, akasema ofisi inaonekana kama kinywa chenye mapengo. Akaandika Mwongozo wa Usawa, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa tisa uliamuru kamba ivutwe kutoka baiskeli ya kwanza hadi ya mwisho, na kila breki iguse kamba. Kimo cha kamba kilitokana na baiskeli ya Mratibu mwenyewe, ambayo haikuwahi kuvuka geti.

"Bosi, hata vidole vya mkono havilingani," Legeza alimwambia.

"Ndiyo maana tuna mwongozo."

Legeza hakubishana. Asubuhi ya kila ukaguzi mdogo alizipandisha breki zote hadi kwenye kamba. Wakaguzi wakiondoka, wahudumu walipanga foleni kibandani akazirudisha moja moja.

"Fundi, leo tunaendesha baiskeli au tunaendesha kamba?" walimtania.

"Leo hamwendi popote. Leo mnapigwa picha."

Lakini kwenye ukaguzi mkuu kulikuwa na mmoja wa kwenda. Shemeji yake Legeza, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye vidole vifupi kama vya mtoto wa darasa la pili, alipangiwa kupeperushiwa bendera na mgeni rasmi, atoke pale pale mstarini na sanduku la chanjo mgongoni. Ng'ambo ya kilima kina mama walikuwa wanamsubiri, na kuwafikia ni mteremko wa kilomita tatu wa kokoto. Hapangekuwa na nafasi ya kupitia kibandani. Breki ikiwa kwenye kamba, kuifikia ingembidi aachie usukani.

Asubuhi hiyo Legeza alipandisha breki za baiskeli kumi na tatu. Ya kumi na nne hakuigusa.

Mratibu aliifuata kamba polepole, akafika mwisho, akasimama.

"Fundi, hii imeshuka."

"Imeshukia vidole vya mwenyewe, bosi."

"Ipandishe."

"Anakwenda kuteremka mlima. Hapo juu ataiona tu, hataishika."

"Mgeni anafika baada ya dakika kumi. Na barua yako iko mezani kwangu, haina sahihi. Nakukumbusha tu."

Shemeji yake akanong'ona, "Pandisha, shemeji. Nitaikokota."

"Kilomita tatu? Ufike barafu ya chanjo imeshakuwa maji?"

Legeza aliitazama spana mkononi. Miaka tisa ni mingi, na hamsini na tatu si umri wa kuzunguka na bahasha. Kisha akamnyooshea Mratibu ile spana.

"Pandisha wewe, bosi. Halafu uandike kwenye daftari: nimepandisha mimi, saa fulani, kwa sababu fulani. Utie sahihi."

Mratibu aliitazama spana kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Semina ilimfundisha kutoa mwongozo. Kuutilia sahihi ni somo lingine. Akatazama getini, akatazama kamba.

"Iondoeni hiyo," akasema.

Baiskeli ikasukumwa nyuma ya stoo pamoja na mwenyewe. Kamba ikafungwa kwenye ya kumi na tatu. Mgeni rasmi alisifu unyoofu wa mstari, na kwa kuwa bendera ilikuwa tayari na msafiri hayupo, akampeperushia Mratibu, aliyeendesha baiskeli yake hadi getini na kurudi akiikokota.

Wakati wa makofi hayo Legeza alikuwa nyuma, ameshikilia mlango mdogo wa uani, shemeji yake apite na baiskeli.

"Umejiharibia, shemeji."

"Kidole kimoja tu kwenye breki. Na usivute kwa pupa."

Barua ilikuja Ijumaa. Ilieleza kwamba ukaguzi umethibitisha ofisi ina baiskeli kumi na tatu. Kwamba kwa mujibu wa kanuni, fundi wa kudumu huajiriwa penye baiskeli zisizopungua kumi na nne. Na kwamba kwa hiyo ataendelea na mkataba wa miezi sita. Ilimshukuru kwa mchango wake katika usawa.

Mkewe aliisoma mara mbili.

"Sasa mdogo wangu anaendesha nini?"

"Hana baiskeli. Ameikanyaga wiki nzima, lakini hana."

Mkewe alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikaisha.

"Siku ile alifika salama?"

"Alifika. Watoto arobaini na mmoja wamechanjwa, na barafu ilibaki."

Mkewe aliikunja barua, akakaa nayo kidogo mapajani.

"Basi, miezi sita si mingi," akasema. Hakusema kama mtu anayeamini, lakini alisema.