Mume Wangu Aliomba Pua Yangu Isizibuke

Jamani, unamfuma mume wako wa ndoa kapiga magoti, anamwomba Mungu pua yako isizibuke. Ungefanyaje?

Mimi yalinikuta.

Ilikuwa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, mwaka tisini na sita. Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa sainasi hospitali kubwa nje ya mkoa. Wenye sainasi mnanielewa, kichwa kinakuuma mpaka unataka kukivua. Wakanisafisha, wakaniambia pua itaziba wiki chache halafu itafunguka.

Wiki zikapita, ikawa miezi. Pua kimya.

Harufu ndiyo kabisa, sikuisikia. Na sauti sasa! Nikisema "mume wangu" inatoka "bube wagu."

Calist, mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Kila akirudi kazini anapaza sauti mlangoni: "Bube wako dibefika!"

Alikuwa fundi kwenye mashine ya kukamua alizeti, zile za watu binafsi zilizoanza kufunguliwa miaka ile. Mimi daktari alinikataza kuinama, kubeba ndoo, kukaa kwenye moshi na kupenga kamasi. Mtoto wetu Shukuru tukampeleka Mungaa kwa mama yangu, na kazi zote za nyumbani akazishika Calist. Mwanaume wa Kinyaturu anasonga ugali, mkewe kakaa kwenye kiti! Watu walisema weee, mpaka wakachoka.

Asubuhi alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akanisafisha pua juu ya beseni.

"Pole pole, Mama Shukuru. Usipenge."

Nilimpenda yule mwanaume, acheni tu.

Siku moja akakanyaga msumari kazini. Nikataka kukiona kidonda.

"Umekatazwa kuinama wewe. Kaa."

"Basi weka mguu juu ya kiti nikuone."

"Msumari tu huu, una nini cha kuona?"

Akakifunga mwenyewe, akavaa soksi, akalala nazo. Kila nikiuliza jibu ni lile lile, kwamba daktari kasema nisiiname. Baadaye akaniambia amechukua likizo aniuguze vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume.

Ila watu wakaanza kuadimika. Rukaiya, jirani yangu tuliyekuwa tunaombana chumvi kila siku, akawa anasalimia akiwa mbali uani, ncha ya khanga kaiweka puani. Nikajua ni mimi. Ule uchafu wa sainasi nilikuwa naujua unavyonuka, nikasema basi, nimeoza mzima mzima.

Nikamuuliza mume wangu.

"Baba Shukuru, niambie ukweli. Nanuka?"

Akaangalia chini.

"Hunuki, mke wangu. Hujawahi kunuka."

Akatoka nje, akakaa huko mpaka nikamfuata.

Sasa ile asubuhi ya maombi. Alidhani nimelala. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Baba wa mbinguni, mponye mke wangu kila kitu. Ila pua, iache kwanza."

Nikaketi kitandani.

Akili ikaenda moja kwa moja kwa mwanamke. Nikasema huyu ana mtu wake, anarudi na marashi ya huko, hataki niyasikie. Nikamvaa pale pale.

"Umeniombea nini wewe?"

"Umesikia vibaya. Labda walikuziba na masikio."

Sikucheka. Nikanuna, na chai yake sikuinywa.

Haikupita wiki, akaanguka mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Homa kali, anaongea maneno hayaeleweki. Majirani wakatafuta pikapu, tukamkimbiza hospitali. Nesi akaikata soksi kwa mkasi, na watu wote mle chumbani wakarudi nyuma.

Mimi nikainama. Ndiyo, niliinama. Mguu ulikuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, na shimo ambalo mfupa unaonekana.

"Mama," nesi akaniuliza, "ulikuwa unalala na huyu chumba kimoja?"

"Ni mume wangu. Nilale wapi?"

Akanitazama, machozi yakamlenga. "Mungu akubariki."

Sikumwelewa kabisa.

Daktari akasema ni kisukari, alikuwa nacho bila kujua, na sumu imeshaingia kwenye damu. Walipanga kuukata mguu. Calist hakuwasubiri.

Kwenye msiba wanawake wakawa wananishika mikono. "Una moyo, Yasinta. Sisi hata dirishani tulishindwa kusimama." Mwingine hivyo hivyo. Nikamvuta pembeni wifi yangu Klara, mdogo wake Calist.

"Wifi, hawa wananisifia nini?"

Klara akaanza kulia.

"Kaka alikuwa ananuka, wifi. Ule mguu. Kazini walimfukuza kwa sababu ya harufu. Kanisani watu walihama benchi. Mimi mwenyewe, tumbo moja na yeye, nilimpa chai akiwa nje."

"Kazini alikuwa likizo."

"Likizo gani, wifi?"

Nikamshika mkono.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alituapisha. Tukimwambia aende hospitali anasema, 'Nikilazwa, nani atamsafisha pua?' Akasema nyumbani kwake ndipo mahali pekee anapoingia bila mtu kugeuza uso. 'Yasinta akiisikia harufu hii, atanihama kitanda.'"

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Matanga yalipoisha, nikiwa naosha vyombo vya msiba, kitu kikaachia ndani ya pua. Hewa ikaingia yote. Nikasikia sabuni, nikasikia majivu. Nikaacha vyombo, nikakimbilia chumbani. Godoro letu walikuwa wamelisimamisha ukutani, linasubiri kuchomwa moto.

Jamani, sitawadanganya. Ilikuwa harufu mbaya. Nilitapika pale pale kizingitini.

Nikasukutua mdomo. Nikaliangusha godoro chini, nikalala upande wake, uso nikauzamisha ndani. Nikavuta hewa. Nikavuta tena.

"Wifi, toka humo utaugua!" Klara akapiga kelele mlangoni.

"Niache na mume wangu."

Nililala pale mpaka jua likazama, na hakuna aliyethubutu kuniinua. Calist alikufa akiamini ningemhama kitanda. Nisingehama. Ningetapika, ningesukutua, ningerudi kulala.

Ninaloomba kwenu wasomaji ni moja. Kama una kidonda, ugonjwa, aibu yoyote unayomficha mwenzako kwa kuogopa atakukimbia, usimwamulie. Mwonyeshe, uone atafanya nini. Mimi sikuonyeshwa.