Pumzi ya Anifa kwenye Karatasi Yangu

Mimi Hajira nimechambua pilipili kavu kwenye mashine ya mzee Ghanim, Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, miaka thelathini na nane. Shule niliishia darasa la pili, lakini haya naandika mwenyewe, sitaki kuandikiwa.

Watafiti nimewaona mara tatu. Wa kwanza walitazama mkanda wa mashine, wakahesabu vidole vya wanaume wanaosaga kuona nani kakatwa, wakaondoka. Sisi wachambuaji wanawake hawakutuuliza hata jina. Eti tuna vidole kumi, basi sisi ni wazima.

Wa pili walikuja na mrija wa kupuliza wenye mshale, wanapima vumbi limetufanya nini kifuani. Hapo nikaogopa. Nilikuwa nakohoa kwa kificho, na nikajua mwenye kifua kibovu ataachishwa kazi. Watoto wanne walikuwa wananitegemea. Nikamwita Anifa, binti mwenye wiki moja tu kazini.

"Nenda kapulize, sema wewe ndiye Hajira."

"Mama, wakinishtukia je?"

"Watajuaje? Sote tumejifunga kanga puani."

Akapuliza, mshale ukaruka. Nikaandikwa kifua cha chuma.

Ikapita miaka kumi na tano. Mwaka jana akaja Rania, msichana wa chuo. Huyu hakuanza na mashine wala mrija. Alikaa juu ya gunia, akachambua nasi asubuhi nzima, chafya juu ya chafya.

"Dada, pilipili haijali msomi!" Anifa akamcheka.

Akatuuliza mgongo, usingizi, hata kama tunapata nafasi ya kunywa maji. Kwa huyo nikapuliza mwenyewe. Akatazama karatasi ya wale watafiti wa pili, aliyokuja nayo, macho yakamtoka.

"Bibi, pumzi yako imeshuka kuliko ya mtu yeyote humu! Hii lazima niiandike."

Mimi kukiri kosa ni kazi. Lakini binti wa watu kapiga chafya kwa ajili yetu, halafu aende kuandika uongo wangu kwa jina lake?

"Usiandike. Pumzi ile ya zamani si yangu. Ni ya huyu hapa."

Anifa akajifunika kanga uso mzima. Nikangoja kufokewa. Rania akacheka, kisha akaitazama tena ile karatasi.

"Kumbe ni pumzi ya Anifa alipoanza kazi? Dada, njoo upulize tena."

Akapuliza. Mshale haukufika hata karibu na pale pa zamani, na Rania akasema umri peke yake hauwezi kuushusha hivyo. Akamwonyesha mzee Ghanim namba zile mbili za Anifa.

Siku ya tatu mzee akaleta fundi, akajenga ukuta kati yetu na mashine, akaweka feni ya kuvuta vumbi nje. Nikamuuliza kama kwa kifua hiki naondoka kazini.

"Ukiondoka, Bi Hajira, nani atanigombeza?"

Namshukuru. Rania namwombea dua kila swala. Kikohozi changu hakijaisha, ila sasa nakohoa waziwazi. Na Anifa hupuliza kila mwezi, kwa jina lake mwenyewe. Juzi mshale ulipanda kidogo, akapiga kigelegele mpaka wasagaji wakazima mashine.