Makdori Niliyemtunga Mimi Anatafutwa Uskoti

Admin, nifichie jina, na ya wenzangu nimeyabadilisha, maana Kiomboi tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, mkulima wa alizeti, nina mke na wajukuu watatu. Wale wa kucheka chekeni kwanza mmalize, kisha mnisaidie, kwa sababu nimebakiwa na siku nne tu.

Miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika huku kwetu, rafiki yangu Mathayo alifungua belo mnadani akakuta jezi tele za timu moja ya Uskoti. Hakuziuza. Tuligawana vijana wa mtaa, na tangu siku hiyo tukawa mashabiki wa timu ambayo hatujawahi kuiona ikicheza hata dakika moja. Wenzetu walikuwa na timu zao za Dar, sisi tulikuwa na ya Uskoti.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo Kiingereza kikawa kazi yangu. Kila Jumamosi jioni tulikaa juu ya magunia ya mashudu pale kwenye mashine ya kukamua alizeti, mimi nimebana redio sikioni, wao wamenikodolea macho. Ukweli ni kwamba redio ilisoma matokeo ya timu yetu kwa sekunde chache tu, tena ikikoroma. Mechi nzima niliwatangazia mimi, pasi, kona na kadi. Tukifungwa, lawama zote nilimtwisha refa mmoja mwenye upara, naye nilimtunga mwenyewe. Jamani, yule refa alichukiwa Kiomboi! Mathayo alikuwa anasimama juu ya gunia anapiga kelele, "Huyu mwenye upara kahongwa! Tena kahongwa ng'ombe!" Wanabishana mpaka Jumatano. Nilijiona mtu mkubwa, sitaficha, na nilipenda kujiona hivyo.

Ndipo nikamtunga na Makdori. Niliona majina mengi ya kule yanaanza na Mak, nikaongezea langu, nikapata winga wa kushoto mwenye mbio. Mathayo alimpenda kuliko wachezaji wa kweli.

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja ya fainali mke wa Mathayo alikuwa hospitali, kaenda kujifungua. Timu yetu ilishinda kweli, hiyo sikudanganya. Nilimkimbilia nimpe habari, nikamkuta amekaa sakafuni kwenye korido. Kichanga kilikuwa kwa nesi. Mama yake alikuwa ameshafariki.

"Mtoto huyu simtaki," Mathayo akasema. "Kaniulia mke wangu. Mpelekeni kwa bibi yake, mimi nisimwone."

Mdomo wangu ukajisemea wenyewe. Nikamwambia, "Mathayo, leo kafunga Makdori. Na unajua, yule naye mama yake alifariki siku ya kumzaa. Redio wamesema leo. Baba yake ndiye aliyemlea peke yake."

Aliinua uso akanitazama. Kisha akauliza, "Wamesema hivyo kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nilimtaja Mungu, ndugu zangu. Akainuka, akaenda kumpokea mwanawe kwa nesi, na jina akampa palepale.

Huyo Makdori wetu sasa ana miaka ishirini na nane, ni fundi pikipiki, kijana mwenye adabu zake. Utotoni akilia kwa kukosa mama, baba yake alimsimulia habari za mwenzake wa Uskoti. Shuleni wakimcheka jina, anatoa kifua. Mathayo hakuoa tena. Nami nilikaa kimya miaka yote nikijidanganya kwamba jambo hili litajifia lenyewe.

Sasa Mathayo anaumwa, hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema tumtunze tu. Kijana akataka kumfurahisha baba yake, akaiandikia ile timu kwenye mtandao. Aliomba Makdori, kama bado yuko hai, amtumie mzee salamu. Jana kaja kwangu mbio, mkononi ana karatasi iliyochapwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mzee vipi?"

"Leo kanywa uji kidogo. Baba mdogo, Uskoti wamejibu! Nilitaka simu initafsirie, mzee kakataa katakata. Kasema mambo ya Uskoti unasoma wewe mwenzake, tena Jumamosi jioni, kama zamani."

Alipoondoka nikaisoma. Waungwana wale. Wanampa mzee pole, na wamefurahi kusikia kuna watu wao Tanzania. Wanasema wamepekua kumbukumbu zao zote, mchezaji wa jina hilo hawajawahi kuwa naye. Mwisho wanaomba, kama sisi tunajua habari zake, tuwaandikie.

Mke wangu nimemweleza asubuhi hii. Anasema, "Ulidanganya ukampatia mtoto baba. Danganya tena baba aende kwa amani." Kwake ni rahisi. Lakini kijana simu anayo, na siku yoyote ataitafsiri barua mwenyewe, baba yake hayupo tena duniani, aje aniulize kwa nini niliwafanyia hivi. Na nikisema kweli, ataniuliza ilikuwaje nikalazimika kutunga vile siku ile ile aliyozaliwa. Nitamjibuje? Nimwambie baba yako alikukataa? Mzee mwenyewe amelala pale anasikia? Wanasema njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika Uskoti na kurudi.

Mathayo kashatoa ile jezi sandukuni, anataka avalishwe Jumamosi. Kiti changu wamekiweka karibu na kitanda. Niambieni jamani, nikishavaa miwani nikaikunjua ile karatasi mbele yao wote wawili, nisome nini?