Mwambie Mguu Ninao

Wapo watakaosema nilipigwa na jua. Jua la Garissa nalijua. Nimefanya kazi ndani yake tangu ujana, juu ya mabati na kwenye ngazi, na halijawahi kunionyesha mtu asiyekuwepo. Nitakueleza nilichokiona na nilichokisikia, basi. Usipoamini sitakulaumu. Ila jua kwamba wako watu walio hai waliokuwa katika nyumba ile siku hiyo, na hakuna hata mmoja wao anayenicheka.

Mimi ni fundi wa viyoyozi, hivi vya kufungwa ukutani. Watu wetu ni wakulima wa ukingo wa Tana. Shule sikuenda mbali. Kazi nilifundishwa Mombasa, kwa mikono, kisha nikarudi nyumbani. Nafunga AC maofisini, madukani na kwa wenye uwezo, na zikikataa naitwa.

Wakati huo nilikuwa nimemzika mke wangu, Maryam, na hata nguo zake zilikuwa bado zimetundikwa mlangoni. Alifariki usiku, na kabla ya adhuhuri alikuwa ardhini. Ndivyo dini yetu inavyotaka na sina neno. Lakini nitasema ukweli: nilitamani waniachie uso wake japo hadi jioni. Nilikuwa sijamaliza kumtazama. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye nyumba ile, moyo wangu ulikuwa umeshachagua upande.

Aliyenipigia simu alikuwa mwanamke anayeitwa Fardosa. Ilikuwa msimu ule mto ulipofurika na barabara ya Madogo ikamezwa na maji. Magari ya kutoka Nairobi yalikwama ng'ambo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua, siku nyingine hata mashua zikaogopa. Nilimkuta Fardosa mlangoni, mtandio umemteleza, macho mekundu.

"Fundi, walaal, sikufichi," akaniambia kwa sauti ya chini, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Aabo, baba yetu, amekufa leo alfajiri. Iko chumbani. AC imekataa kutoa baridi, na ndugu yangu bado iko upande ya Madogo."

Nikasema inna lillahi. Sikuuliza kitu, lakini yeye aliendelea, kama mtu aliyekwisha kuulizwa sana.

"Abdirashid ni kijana yake moja tu. Hawajaongea mwaka mzima. Nataka aone uso ya baba yake kabla udongo haijamfunika. Nisaidie mpaka Alasiri."

Barazani alikaa ndugu wa marehemu, Adeer Bishar, yaani Ami Bishar, mzee mkavu mwenye fimbo. Aliposikia hivyo akainua sauti ili tusikie sote.

"Karibu, fundi! Karibu buchari! Ndugu yangu wamemweka kama nyama ya friji. Kaburi imechimbwa tangu asubuhi, sheikh amekuja amerudi, na huyu msichana ananiambia baridi, baridi."

"Adeer, nimekuomba mpaka Alasiri."

"Na Alasiri ikifika utaniomba Magharibi. Maiti inasikia, Fardosa. Maiti inachoka."

Fardosa alinitazama mimi. Wewe ungefanya nini? Mimi nilichukua ngazi.

Chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa, joto limejaa kama ndani ya gunia. Kitandani alilala mtu amefunikwa shuka jeupe. Kwa heshima sikumtazama. Nilikaza macho ukutani kwenye mashine yangu. Nilifungua kifuniko. Vichujio vilikuwa safi. Feni ilizunguka vizuri, ila hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu.

Nikueleze kidogo, ili unifuate. Kiyoyozi cha ukutani ni mashine mbili. Ya ndani inapuliza baridi. Ya nje ina kompresa, ndiyo inayosukuma gesi, na joto lote lililotolewa chumbani hutemwa kule nje. Ukisimama mbele ya mashine ya nje, unaunguzwa. Likumbuke hilo.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kijia chembamba kati ya nyumba na ukuta wa mpaka, hakuna mlango, upande mmoja umezibwa na tangi la maji. Feni ya nje ilizunguka lakini kompresa ilikuwa kimya. Kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza, ilikuwa imevimba, jambo la kawaida kwa umeme wetu unaopanda na kushuka. Nikaweka mpya. Kompresa ikanguruma, bomba likaanza kutoa jasho, nikafurahi. Nikaingia ndani kupima kwa kiganja. Baridi ilikuja. Nilipopita karibu na kitanda, ikafa.

Nikarudi nje. Waya zote zimekaza. Gesi ya kutosha. Kapasita nzima. Nikaiwasha, ikanguruma. Nikaingia, ikafa. Nilifanya hivyo mpaka shati likanigandia mgongoni. Niamini, mashine mbovu ina tabia yake, unaizoea kama mtu mgonjwa. Hii haikuwa mbovu. Ilikuwa inakataa.

Nilikuwa nimeiwasha tena, nimechuchumaa nikiwa na bisibisi mkononi niliposikia, "Iache."

Alisimama mbele ya feni. Mzee mrefu, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, macawis, kikoi cha Kisomali, ya kijani kiunoni, miguu mitupu. Mguu wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa na udongo mwekundu hadi karibu na goti, udongo mbichi, wenye unyevu. Mara moja nikafikiri: huyu ni mmoja wa waliochimba kaburi. Wewe pia ungefikiri hivyo.

"Salaam aleikum, mzee," nikasema.

Akaitikia vizuri, kwa ukamilifu. Kisha akasema, "Baridi yako inaniuma, fundi."

"Hapa nje ni joto tu, mzee. Sogea, utaungua."

"Ni joto kwako."

Hapo ndipo nilipoona. Upepo wa feni, ule wa moto, ulikuwa unampiga mwili mzima, na macawis yake haikutikisika. Hata uzi. Nilitazama kwa makini kwa sababu ni kazi yangu kutazama hewa inakwenda wapi. Ilimpita kana kwamba pale hapakuwa na kitu.

Ungedhani ningekimbia. Sikukimbia.

"Waambie mashine imekufa," akasema.

Sijui nilipata wapi ulimi. "Siwezi, mzee. Haijafa. Nikisema imekufa nitakuwa nimedanganya."

Akanitazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Fundi asiyedanganya! Garissa hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi waambie ukweli. Mwambie Abdirashid mguu ninao. Nimeupata." Akaupiga chini ule mguu wa kushoto, udongo ukadondoka. "Umelala ardhini mwaka mzima ukiningoja. Asinishike tena."

Bisibisi ilianguka. Niliinama kuiokota kwa mazoea tu. Nilipoinuka kijia kilikuwa kitupu. Tangi mahali pake, ukuta mahali pake. Kompresa ilikuwa imenyamaza.

Sasa sikiliza. Mpaka hapo sikuwa nimejua nimeongea na nani. Niliogopa, naam, lakini maneno ya mguu yalinipita. Mzee alikuwa amesimama kwa miguu miwili mbele yangu. Alikuwa anatafuta mguu gani? Nikaingia ndani kuwapa ujumbe kama nilivyopewa.

Fardosa alikuwa ameketi karibu na kitanda akimpepea marehemu kwa kipande cha katoni. Adeer Bishar alikuwa amesimama kwenye kizingiti.

"Kuna mzee nyuma ya nyumba," nikasema. "Nadhani ni wa kaburini. Anasema mwambie Abdirashid mguu anao. Ameupata. Asimshike tena."

Katoni ilisimama hewani.

"Mguu gani?" Fardosa akauliza.

"Wa kushoto. Una udongo hadi hapa."

"Ndevu yake?" Adeer akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Za hina."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilitazama kitandani. Shuka lilikuwa limeinuka kifuani, likainuka juu ya mguu wa kulia mpaka vidoleni. Upande wa kushoto, chini ya goti, lilikuwa limelala juu ya godoro.

Fardosa alifunua uso bila kuniuliza. Nilimjua. Nilikuwa nimesalimiana naye muda huo huo.

Nilikaa chini sakafuni. Adeer ndiye aliyenieleza, polepole, kwa sababu Fardosa hakuweza. Marehemu, Mzee Hassan, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu ukaoza. Madaktari walitaka kuukata, akakataa katakata. Alisema aliumbwa na miwili, na atarudi na miwili. Homa ilipompanda akapoteza fahamu, Abdirashid akatia sahihi. Mguu ukakatwa na mzee akapona. Abdirashid mwenyewe aliuchukua umefungwa kitambaa cheupe, akaupeleka makaburini na kuuzika, kama inavyofanywa kwa kiungo cha Mwislamu. Mzee alipozinduka akaona shuka limelala, akauliza nani aliruhusu. Tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe hata kwa salamu. Kijana akaenda Eastleigh, Nairobi, kufanya biashara, akawa anapiga simu, na mzee anageuza uso ukutani.

"Mpigie," Adeer akamwambia Fardosa. "Asikie mwenyewe kwa huyu."

Simu ikawekwa sauti ya juu. Upande wa pili kulikuwa na kelele ya watu wakigombana na wenye mashua. Nikasema jina langu na kazi yangu, kisha nikarudia maneno yale kama nilivyopewa.

"Rudia," Abdirashid akasema.

Nikarudia.

"Alikuwa amesimama?"

"Amesimama."

"Kwa miguu miwili?"

"Miwili."

Kisha akasema, "Fardosa, mzikeni."

"Na wewe?"

"Mzikeni, abaayo, dada yangu. Mimi nimemshika mara moja bila ruhusa yake. Imetosha."

Nilitoka ili waje wamwoshe. Aliswaliwa baada ya Alasiri na akazikwa ubavuni mwa pale mguu ulipolala. Jeneza lilipovuka kizingiti, kompresa ilinguruma yenyewe nyuma ya nyumba, ikafanya kazi bila kukatika. Waliporudi kutoka makaburini chumba kile kilikuwa na baridi mpaka vioo vinatoa jasho, kitanda kitupu, na hakuna aliyethubutu kuingia kuzima. Nilizima mimi.

Bado nafanya kazi hii, sina nyingine. Lakini siingii chumbani kwa mtu kabla sijauliza nani amelala humo. Na yeyote akisimama mbele ya mashine ya nje, hata kama ni mwenye nyumba, mimi hutazama nguo zake kwanza. Kuhusu Maryam, sijatamani tena wangemchelewesha. Nimeelewa kwamba ile jioni niliyoitaka ilikuwa yangu mimi, haikuwa yake.

Hayo naweza kuishi nayo. Lililo zito ni Abdirashid.

Maji yalipopungua alivuka. Alikwenda kaburini, kisha akanitafuta mpaka akanipata. Tangu hapo huja siku za Ijumaa baada ya sala, hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu yangu nikiwa naosha vichujio.

"Nipe tena, fundi."

Nampa.

"Alisema kwa hasira ama kwa upole?"

Namwambia kama ilivyokuwa: alisema kama mtu aliyechoka kungoja.

"Hakusema amenisamehe?"

"Hakusema."

Ijumaa moja alinishika mkono, ungali na maji ya sabuni. Ni mtu mzima, ana ndevu, ana watoto. "Ongeza, fundi," akasema. "Neno moja tu. Sema alisema. Nani atajua?"

Wewe ungeongeza? Mimi nilitaka. Wallahi nilitaka, lilifika ulimini. Lakini nikiongeza neno langu, hata lile la mguu atalitilia shaka, na hilo ndilo peke yake alilonalo la baba yake. Kwa ajili ya hilo aliacha kuuona uso. Sikuongeza. Naye akaniachia mkono, akafuta povu kwenye shati lake, akaenda. Wiki iliyofuata alirudi, akaketi, akasema nipe tena.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Ukiwa na mtu mliyenyamaziana, mpigie leo, mwili wake ungali na joto. Akishakufa mwache aende, usimtafutie baridi. Huenda akatoka nje akasimama na fundi asiyemjua, ndiyo, mimi nimeona. Lakini atakuja kusema lake. Lile ulilotaka wewe kulisikia hatakuwa nalo, na mimi sitakuwa na cha kukupa.